Nyeusi ya Marehemu Yasiri

Latifah hakuipenda rangi ile hata siku moja. Miaka ishirini na tisa gitaa lilikaa sebuleni kwake, Arua, jeusi kama buti la gwaride, na kila asubuhi alilipitishia kitambaa cha vumbi huku akijisemea moyoni kwamba kitu chenye sauti tamu vile hakikustahili kuvishwa kama mfiwa. Lakini gitaa lilikuwa la mumewe, Yasiri, na Yasiri alikuwa mtu wa kung'arisha. Kila Ijumaa akitoka msikitini alilipaka dawa ya viatu na kulisugua mpaka aone meno yake humo ndani. Hapo ndipo alipoomba chakula.

Halikuwa gitaa la kushika kifuani. Lilisimama juu ya miguu minne ya chuma kama meza nyembamba, nyuzi kumi juu, pedali tatu chini, na katikati vyuma vya kusukumwa kwa magoti. Mpigaji aliketi nyuma yake, akaburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto, akadonoa kwa mkono wa kulia, na miguu ikavuta sauti kwenda juu na kurudi chini hadi ikalia kama mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo atalirudia. Watu wa mjini, walipoona zile pedali, waliliita cherehani. Jina likashika. Hata kadi za harusi ziliandikwa hivyo: kutakuwa na ngoma, besi na cherehani. Kuna mama mmoja wa Ayivu aliyewahi kuja harusini na kitambaa chake cha kushonewa.

Yasiri alilipata Koboko kwa mzungu wa shirika la misaada aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Siku aliyolishusha Arua lilikuwa tayari jeusi. Latifah aliuliza kama halikuwepo la rangi nyingine.

"Nyeusi ndiyo heshima," Yasiri alimjibu. "Umeona gari la mkubwa gani liko la kijani?"

Basi hivyo. Yasiri alikuwa na mke wa pili huko Koboko, Hajara, na kila wiki alikwenda kwake kwa zamu ya siku tatu. Gitaa lilikuwa zito kama mfuko wa saruji, kwa hiyo lilibaki Arua. Kuna wanawake ambao mume akienda kwa mke mwenza hulia, na wengine hufua nguo zote za nyumba. Latifah alivuta kiti, akaketi, akakanyaga pedali. Miaka kumi na moja alijifunza katika zamu za Hajara, siku tatu kila wiki, na hakuna aliyejua isipokuwa majirani, yaani Arua nzima kasoro Yasiri.

Kisha mikono ya Yasiri ikaanza kutetemeka. Siku moja kile chuma kilimponyoka mara tatu katika wimbo mmoja. Akatazama ukuta. Latifah alimsogeza kwa nyonga kama anavyosogezwa mtoto kwenye benchi, akaketi, akaumalizia ule wimbo mpaka mwisho. Yasiri alisikiliza amefumba macho.

"Kumbe," alisema. Kisha akaongeza, "Ile kona ya mwisho umeibana mno."

Jumamosi iliyofuata alimpeleka kwenye bendi.

Mkuu wa bendi alikuwa Dumo, mzee wa miaka sitini na sita, mstaafu wa bendi ya jeshi, aliyepiga ngoma kama anayehesabu askari watoro. Alimpokea Latifah kama dereva anavyopokea tairi la akiba: si zuri, ila litatufikisha. Yasiri alipofariki, alikuwa ameshasema mbele ya mashahidi kwamba gitaa ni la Latifah. Dumo alilia sana mazishini. Alipomaliza kulia alimwambia mjane, "Shemeji, ile nyeusi yake uitunze."

Latifah alikaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi. Alipotoka alikuwa na mambo mawili kichwani: kwenda kusuka nywele, na ile rangi.

Nyeusi yenyewe ilikuwa imeanza kubanduka pembeni, pale mkono unapoegemea. Latifah alikuwa msukaji wa tabaga, yale makawa ya kufunikia chakula ambayo wanawake wa Kinubi huyasuka kwa rangi ambazo jua lenyewe lingeziogopa. Alipiga picha tabaga lake bora kuliko yote, la rangi ya chungwa, lenye mistari ya kijani na zambarau inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha bendi. Akaandika: "Nataka gitaa liwe hivi."

Dumo alijibu kwa ujumbe wa sauti, dakika nne nzima. Alianza na bismillahi. Akasema ile nyeusi si rangi, ni alama ya marehemu. Akasema sauti yote ya gitaa imo ndani ya rangi, kwamba mbao huzoea koti lake, na ukilivua koti, sauti nayo inaondoka. Akasema yeye amekaa jeshini na anajua kitu kilichopakwa vizuri na kilichopakwa kama duka la peremende. Anguyo, kijana wa besi, alituma kidole gumba, akakifuta, asionekane yuko upande gani.

 Latifah alimwendea fundi rangi wa kwanza hapo Arua, akaambiwa fundi ni mgonjwa, na aliyemwambia ni fundi mwenyewe. Wa pili alisema kompresa imekufa, na huko nyuma yake kompresa ikanguruma. Wa tatu alikuwa mcha Mungu, hakuweza kusema uongo siku ya Jumatatu akiwa amefunga.

"Mama, mzee Dumo alipiga simu," alisema. "Amekataza sisi wote."

"Dumo ni mume wangu?"

"Hapana, Mama."

"Ni yeye aliyenikalisha eda?"

Fundi alitazama viatu vyake. Asubuhi iliyofuata Latifah alilipakia gitaa kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa anapeleka unga wa muhogo Koboko, akaketi mbele, mkoba mapajani, na hakumuaga mtu.

Koboko kulikuwa na fundi rangi aitwaye Siraji, mwenye sifa kwamba boda boda ikitoka kwake hata mwenyewe anaisalimia kama mgeni. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara iendayo mpakani: mabati manne, kompresa moja, na ndevu zake zenyewe zilizokuwa na chembe za rangi zote alizowahi kupuliza. Alilizunguka gitaa mara mbili.

"Mama, hii iko cherehani ya namna gani?"

"Iko gitaa."

"Sasa sindano iko wapi?"

Latifah hakujisumbua. Aliketi chini juu ya gunia, akatoa bisibisi mkobani, akaanza kulifungua yeye mwenyewe: nyuzi kwanza, kisha pedali, fito, vyuma vya magoti, springi ndogo ndogo. Kila kitu alikipiga picha kwa simu kabla ya kukitoa, akakiweka katika beseni lililofunikwa kanga. Waendesha boda waliokuwa wanasubiri abiria walisogea. Waliona mama wa miaka sitini na moja, mwenye hina mikononi, akifungua chombo cha ajabu kama anayepasua samaki, na wakasahau abiria. Mwishowe ulibaki ubao mtupu, mweusi, mrefu kama mkono.

Siraji alichukua msasa, akaumwagia maji. Akasugua. Ikatoka nyeusi nyepesi, ikafuata nyingine nzito zaidi yenye alama za brashi.

"Hii haikupulizwa," alisema kwa dharau. "Mutu alipaka na brashi. Ona, mpaka unywele wa brashi uko ndani."

Akaendelea kusugua, kisha akasimama. Aliumwagia ubao maji, akaupangusa kwa kiganja, akainama mpaka pua ikaukaribia.

"Ya Allah," alisema.

Chini ya nyeusi palikuwa na pinki. Si pinki ya kukosea. Ilikuwa pinki ya kiwandani, nzito, yenye vumbi la kumeremeta ndani yake kama magamba ya samaki, iliyofunikwa kwa vanishi safi kiasi kwamba jua lilipoingia lilikawia kutoka. Waendesha boda walipiga mbinja. Mmoja alisema inafanana na keki. Mwingine akasema ni jeneza la binti wa mbunge. Siraji aliwafukuza wote, kisha akawaita tena waje waone.

Alifanya kazi saa mbili, akiibandua nyeusi kwa uangalifu kama anayemvua mgonjwa bandeji. Sehemu ya mbele yote ilipotokea, aliweka msasa chini.

"Mama, mimi sipuliza tena. Hii iko kazi ya mabwana. Hapa Uganda hakuna fundi anaweza kufanya hii. Iache hivi hivi, nitaing'arisha tu."

"Mimi siipendi pinki," alisema Latifah.

"Lakini ni ya asili!"

"Hata malaria ni ya asili. Pulizia rangi ya chungwa."

"Mikono yangu itakataa."

"Ikatae nyumbani kwa mkeo. Hapa ni kazini."

Wakati wakibishana hivyo, boda moja ilisimama na Hajara akashuka. Koboko habari haiendi kwa miguu; kwa muda huo alikuwa ameshaambiwa na watu watatu kwamba mke mwenzake yuko kwa Siraji anachinja gitaa la marehemu. Hajara alikuwa na miaka hamsini na tano, mnene, mwepesi wa kucheka. Miaka yote hiyo yeye na Latifah walisalimiana kwa heshima katika sikukuu na misiba, wakiulizana hali za watoto, kila mmoja akiyapima mavazi ya mwenzake kwa pembe ya jicho.

"Dada, salaam alaikum," alianza, kisha akauona ubao. Akaketi juu ya tairi la lori.

"Imetoka," alisema.

"Nini imetoka?" Latifah akauliza.

"Ile pinki." Hajara alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, na haikueleweka kama anacheka au analia. "Dada, nisamehe. Ilikuja pinki. Siku aliyoinunua aliileta kwangu kwanza. Alikuwa na furaha, we! Aliiweka uani, akaizunguka, akasema hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho tangu azaliwe. Mimi nilikuwa mwali wa miezi miwili, nimekaa pale pale, nikajisemea, sawa."

Latifah aliitazama tena ile pinki.

"Kisha akaja Dumo," Hajara aliendelea. "Aliiona, akacheka mpaka akaketi chini. Akasema hiyo ni gitaa ya bibi harusi, na Yasiri atavaa gauni gani? Yasiri hakujibu kitu. Jioni hakula. Kesho yake hakula. Mimi mtoto wa watu nikaogopa mume atanifia mkononi. Kaka yangu alikuwa amemaliza kupaka geti, kopo likabaki nusu. Nikampa. Akapaka mwenyewe, nyuma ya jiko, amenipa mgongo."

"Rangi ya geti," alisema Latifah polepole.

"Ya geti, dada."

"Kwa hiyo miaka ishirini na tisa mimi nimekuwa nikipangusa geti la kaka yako."

Siraji alijifanya anatafuta kitu nyuma ya kompresa. Latifah alihisi hasira ikipanda kutoka miguuni. Ilikuwa hasira ya kweli, kwa Yasiri aliyemdanganya kuhusu magari ya wakubwa, kwa Dumo na dakika zake nne, kwa huyu mwanamke juu ya tairi. Ikafika kooni, na hapo ikageuka. Alicheka. Alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani, na Hajara, alipoona hatapigwa, akacheka naye.

Mvua ilikatisha kicheko. Ilikuwa mvua ya Koboko isiyopiga hodi. Siraji alisema kwa unyevu ule hapulizi kitu hadi hali ibadilike, na hapo Latifah akatambua kwamba hana pa kulala isipokuwa kwa mke mwenzake.

Alikaa siku tatu. Siku ya kwanza walikuwa na adabu mno. Hajara alipika gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, akamchagulia mgeni iliyoiva vizuri. Latifah akasifu chai. Siku ya pili mvua bado, na adabu ikaisha.

"Alikuwa anakoroma kwako pia?" Hajara aliuliza wakichambua maharage.

"Ukuta ulikuwa unajibu."

"Mimi aliniambia kwako anatulia, kwa sababu hewa ya Arua ni nzuri."

Latifah aliacha maharage. "Aliniambia wewe unatia chumvi nyingi, ndiyo maana akirudi anakunywa maji mtungi mzima."

"Mimi nilimwambia apunguze maji, akasema amezoea chumvi yako!"

Walitazamana. Waliendelea hivyo mpaka adhuhuri, wakimfungua marehemu springi kwa springi, na hawakumkuta mbaya sana. Alikuwa mwoga tu, mwoga wa watu, mwenye kupenda vitu vizuri kuliko alivyoweza kuvitetea.

Ni hapo Hajara alipomwomba. "Dada, iache pinki. Ndiyo aliyoipenda. Tumrudishie."

Latifah alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Alikwenda karakana peke yake chini ya mwavuli, akaketi mbele ya ubao. Aliitazama ile pinki kwa moyo mweupe kabisa, akamwazia Yasiri akiwa kijana, akizunguka uani kwa Hajara mbele ya kitu kinachomeremeta. Alimwonea huruma hata macho yakamlowa. Akaitazama tena. Bado ilikuwa mbaya. Ilimkumbusha dawa ya kuhara ya watoto.

Akarudi nyumbani.

"Yasiri alikuwa na miaka yote hiyo ya kuisugua ile nyeusi akaitoa," alimwambia Hajara. "Hakutaka. Au alitaka akaogopa, hayo ni yake na Mola wake. Nikiiacha pinki nitaketi nyuma ya mapenzi yake mpaka nife, kama nilivyoketi nyuma ya geti lenu. Mimi nataka chungwa."

Hajara alivuta pumzi ndefu. Halafu akasema, "Na mistari?"

"Kijani na zambarau."

"Zambarau itameza kijani. Weka kijani nene."

"Nani kakuuliza?"

"Mimi nasuka tabaga kukupita wewe, dada, na unajua."

Latifah alijua. Siku ya tatu jua lilipotoka walikwenda wote wawili. Siraji alipuliza rangi ya chungwa huku uso ameugeuza kama anayemchoma mtoto sindano. Aliomba jambo moja tu: pale penye kifuniko cha chuma mwishoni, mahali padogo kama kiganja, asipafunike, ili fundi atakayekuja baada yao ajue kulikuwa na nini. Latifah alimruhusu, maana hapaonekani. Kisha Hajara alibandika selotepu ya karatasi kwa mkono usiotetemeka, meno kwa meno, kutoka mwanzo hadi mwisho, akimkemea Siraji kila alipopumua karibu. Walipobandua selotepu, mistari ilisimama mikali kama imesukwa. Siraji aliinama akaikagua.

"Iko mbaya," alisema, "lakini iko mbaya safi."

Vanishi ya mwisho ilipulizwa Ijumaa mchana. Siraji alionya isiguswe siku mbili. Harusi ambayo bendi ilialikwa kupiga ilikuwa kesho yake, kijijini Abuku.

Latifah alilifunga gitaa usiku huo huo? Hapana, alisubiri asubuhi, akalifunga upya kwa picha za simu, Hajara akimshikia beseni, na mwishowe Latifah akabaki na springi moja mkononi ambayo hakuijua ni ya wapi. Aliitia mkobani. Gitaa lililia bila hiyo.

Bendi ilifika Abuku kutoka Arua saa nne asubuhi. Dumo alishuka na fimbo zake za ngoma, shati jeupe limepigwa pasi, akaingia chini ya hema, akaona. Alisimama kama aliyeamriwa kusimama.

"Astaghfirullah," alisema. "Hii iko nini? Sinia?"

"Waalaikum salaam, Dumo," alisema Latifah.

"Shemeji, umemzika Yasiri mara ya pili."

"Keti, maharusi wanakuja."

"Mimi sikai karibu na hiyo kitu."

Naye alikuwa mtu wa kutimiza maneno. Alizibeba ngoma zake moja moja, akazipeleka mwisho kabisa wa hema, karibu na jenereta, akalipa gitaa mgongo. Anguyo alibaki katikati na besi yake, akitazama huku na huku kama mtoto ambaye wazazi wametengana.

Wimbo wa kwanza ulikuwa aibu. Jenereta lilinguruma sikioni mwa Dumo, gitaa likamfikia limechelewa, na ngoma zake zikawarudia wachezaji zimechelewa zaidi. Shangazi wa bwana harusi alisimama katikati ya hatua, mguu mmoja juu, akingoja pigo lililokataa kuja. Watu wakaguna. Katika wimbo wa pili Dumo alisogeza ngoma hatua tano, akijifanya anakimbia jua. Haikutosha. Wa tatu akasogea tena, akasema moshi wa jenereta unamuumiza. Kufikia wimbo wa sita alikuwa amelivuka hema zima kwa visingizio, na ngoma yake kubwa ikagusana na mguu wa gitaa. Hapo muziki ukakaa sawa.

Ulikaa hasa. Latifah alikivuta chuma juu ya nyuzi, goti likasukuma, na sauti ikapanda ikilia ile ile, wala haikuwa imevaa wala kuvua koti lolote. Wazee walioshika vikombe vya chai waliviweka chini. Bibi harusi, aliyeambiwa asitabasamu, alitabasamu. Kona ya mwisho Latifah aliibana kama alivyopenda kuibana siku zote.

Tatizo lilikuja alipotaka kuinuka. Vanishi haikuwa imekauka na mkono wa gauni lake umeshikana na mbao. Alivuta, ukakataa. Hajara, aliyekuja kama mgeni na kuketi na wanawake, alikuja mbio, akaushika mkono wa gauni na kuuchana kwa meno. Kipande cha maua ya bluu kilibaki kwenye gitaa, kimeganda katikati ya mistari. Wanawake walipiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Bendi ilipumzika kwa pilau. Dumo alikula ameketi pembeni ya Latifah kwa sababu ngoma zake zilikuwa hapo. Latifah hakumtazama.

"Ilikuwa pinki, Dumo."

Kijiko cha Dumo kilisimama. "Nani alisema?"

"Hajara. Na Siraji aliiona, na boda boda wote wa Koboko."

Dumo alitafuna chakula ambacho hakikuwemo mdomoni. "Nilicheka kidogo tu," alisema.

"Ilitosha."

"Nilifikiri atanijibu. Yasiri alikuwa na mdomo, shemeji, wewe unajua. Siku zote akinichokoza nilimchokoza. Nikangoja anitukane. Baada ya siku tatu akaja nayo nyeusi, ananitazama usoni kama askari anangoja ukaguzi. Ningesema nini? Nikasema, sasa hapo ndiyo gitaa. Akafurahi." Alikiweka kijiko. "Basi nikaendelea kuisifu. Kila harusi nikaisifu. Mpaka nikaiamini."

Latifah alitaka kusema neno kali, na alikuwa nalo tayari tangu Koboko, amelinoa siku tatu. Aliutazama mkono ule wa mzee, wenye mishipa, ukishika ukingo wa sahani, akaliacha lile neno limpite.

"Kula, wali unapoa," alisema.

Dumo alikula. Alipomaliza alilitazama gitaa tena, kwa makini, kuanzia mguu hadi nyuzi, mpaka kwenye kile kipande cha gauni.

"Lakini hii iko mbaya kweli kweli," alisema.

"Iko yangu."

"Hiyo nayo ni kweli."

Kile kipande cha maua ya bluu hakijatoka. Siraji alijitolea kukitoa na kupuliza upya, Latifah akakataa. Alisema amekizoea, na bluu inakaa vizuri na chungwa. Hajara hakubali mpaka leo, na kila akija Arua, siku hizi anakuja mara nyingi, jambo hilo huanza upya kabla hajavua viatu. Dumo bado anaongoza bendi. Katika kila harusi, kabla ya wimbo wa kwanza, hushika kipaza sauti na kuwatambulisha wapigaji mmoja mmoja, Anguyo kwenye besi, yeye mwenyewe kwenye ngoma, na kisha husafisha koo. "Kwenye cherehani," husema, "shemeji yangu, Latifah. Muziki ni wetu sote. Rangi si shauri langu."